Fundi bila karatasi: jinsi ya kupata msaada wa serikali ukijifunza sola na umeme Uganda

Vijana hunijia karakanani hapa Arua wakitaka uanagenzi wa sola. Kabla hajashika bisibisi, kila mmoja namuuliza: umesoma mpaka wapi? Jibu lake ndilo linalotuonyesha mlango wa kubisha, maana serikali ina milango kadhaa na kila mmoja una masharti yake.

Uliyeacha shule mapema, usione haya. Anza na kile kitabu kidogo ambacho mafundi wote tunakiita PAS, yaani cha ujuzi uliopatikana kwa vitendo. Hakidai cheti cha shule, kinataka uonyeshe kazi. Ufundi umegawanywa katika moduli, na kila moduli unayofaulu inaandikwa kitabuni. Leo unapimwa moja, ukipata nafasi unarudi kupimwa nyingine.

Naisisitiza PAS kwa sababu mimi nilifunga sola miaka 9 bila karatasi. Baba alikuwa mwanajeshi, tukahama kambi hata kambi, na shule ikakatikia njiani. Kuna shule iliniita niwawekee taa mabwenini. Nikapanda paani, nikapima, nikapiga hesabu ya paneli na betri. Mhasibu akaomba cheti, nami sikuwa nacho. Kazi akapewa mwingine, ambaye wiki ileile alinipigia simu kuniuliza betri zinaunganishwaje. Nilimweleza, maana kuna watoto wanaolala chini ya nyaya zile. Lakini usiku ule nililia.

Kwa hiyo tafuta kituo cha upimaji kilichosajiliwa. Vyuo vingi vya ufundi vya serikali vinapima. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya Kurugenzi ya Mafunzo ya Viwandani, DIT, na mitaani bado tunasema "cheti cha DIT". Sheria ya TVET ya mwaka 2025 imeihamishia bodi mpya iitwayo UVTAB, basi ukifika kituoni ulizia jina hilo. Ada ipo. Malipo ya serikali hupitia benki kwa namba maalumu ya malipo, PRN, na unabaki na risiti. Mtu akikuambia umtumie fedha kwenye simu yake akusajilie, ondoka. Mwanagenzi wangu mmoja alipoteza akiba ya mavuno mazima kwa njia hiyo.

Siku ya kupimwa, usikimbilie kumaliza. Utaratibu wa kazi ndio unaomtambulisha fundi. Umezima kabla ya kugusa? Fyuzi iko karibu na betri? Betri imeunganishwa kwenye kidhibiti chaji kabla ya paneli? Hapo kwenye kidhibiti ndipo vijana wengi wanapoanguka. Kile kifaa husoma kwanza volti za betri, 12 au 24, ndipo kijue namna ya kupokea umeme wa paneli. Ukianza na paneli unaweza kukiunguza. Wakati wa kufungua, geuza mpango: paneli kwanza, betri mwisho.

Kuna pia vituo vya mafunzo vya Rais vya kila kanda. Sisi wa West Nile chetu kiko Zombo. Mafunzo ni ya bure, miezi 6, unalala na kula hukohuko. Ni pazuri kwa kulehemu, useremala na ushonaji.

Uliyemaliza sekondari na kupata nafasi ya diploma au digrii ya sayansi, nenda kwa Bodi ya Mikopo, HESFB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Pata barua ya chuo kwanza, ndipo uombe. Soma vizuri mkopo unalipa nini: ada ya masomo, ada nyingine za chuo na za utafiti. Chakula na chumba ni juu yako, na familia nyingi hulijua hilo muhula ukiwa umeshaanza. Kaeni na wazazi mapema mhesabu. Marejesho huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo.

Wakati huo wote endelea kujifunza kwa fundi, ila muandikiane mbele ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji: saa za kazi, chakula cha mchana, nani analipa kifaa kikivunjika, na uanagenzi unaisha lini. Bila tarehe ya mwisho utafagia karakana mpaka uzeeke. Weka na daftari. Kila kazi andika tarehe, ukubwa wa paneli, volti ulizopima na hitilafu uliyoikuta.

PAS usiifanye kibali cha kufunga nyaya za majumba. Kibali hicho hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Umeme, ERA, na kinaombwa peke yake. Mpaka ukipate, fanya kazi chini ya fundi aliye nacho.

Ukija kwangu Jumatatu, beba kitambulisho cha taifa, daftari la mistari na viatu vya kufunika vidole. Mita nitakuazima.