Chumvi Shambani: Yaliyowapata Wakulima wa Sumeri

Kwenye skimu nyingi za umwagiliaji, fedha za mwanzo hujenga banio (kizuizi cha kuchepusha maji mtoni) na mfereji wa kuleta maji. Mtaro wa kuyatoa husubiri mwisho, na mara nyingi hauchimbwi kabisa. Kosa hili lina umri wa zaidi ya miaka 4,000.

Sumeri, kusini mwa Iraki ya leo, ndiko ilikoinuka miji ya kale kabisa kama Uruk, Ur na Lagash. Mvua za huko hazitoshi nafaka, hivyo mahekalu, makarani na majeshi yote yalilishwa kwa mifereji ya Frati na Tigri. Lagash na jirani yake Umma walipigania mashamba na maji ya mpakani kwa vizazi kadhaa. Maji yakapatikana, ila nchi ni tambarare mno, hayakuwa na pa kutokea.

Maji ya mto hubeba chumvi kidogo. Jua linayakausha, chumvi inabaki, kama utando mweupe kwenye sufuria iliyokaukia jikoni. Ukimwagilia kupita kiasi, maji ya chini ya ardhi nayo hupanda hadi karibu na mizizi, yakileta chumvi iliyolala huko miaka mingi. Hati za Wasumeri zinataja vipande vya mashamba vyenye chumvi, na kadiri karne zilivyopita ngano ilipungua, shayiri inayostahimili chumvi zaidi ikatawala. Kibao chao kimoja cha udongo, cha mnamo 1700 KK, kinamwonya mkulima kijana achunge milango ya mifereji, maji yasijae shambani kupita kiasi. Bwana shamba alikuwapo zamani!

Misri ilisalimika kwa muda mrefu. Naili ilifurika kati ya Agosti na Oktoba, kabla ya kupanda. Maji yalifungiwa kwenye majaruba makubwa (vipande vya shamba vilivyozungushiwa kingo) kwa wiki kadhaa, kisha yakafunguliwa yarudi mtoni pamoja na chumvi. Bwawa Kuu la Aswan lilipokamilika mwaka 1970 mafuriko yakakoma, na ikabidi kufukia mabomba ya kutolea maji chini ya mashamba.

Kwako wewe, kagua matuta wakati wa kiangazi. Unga mweupe juu yake, mabaka yasiyoota na ncha za majani zilizoungua ni dalili. Maharage na vitunguu huumia mapema, mahindi hufuata. Usikimbilie kuongeza mbolea ya dukani, maana nayo ni chumvi. Chimba shimo la mita moja na nusu: ukikuta maji, kwanza fungua mtaro wenye kina zaidi ya usawa wa maji hayo, ndipo ujaze jaruba maji safi na kuyaachia yatoke. Bila mtaro unaongeza tatizo tu.

Kabla ya kuosha chumvi hivyo, peleka udongo maabara. Ukiwa wa magadi, yaani wenye sodiamu nyingi, maji peke yake hayatausafisha, utahitaji jasi (gypsum).