Kurudi kwenye barafu baada ya miaka mingi: miguu ikiuma, anza hapa

Kila msimu wa baridi swali ni lile lile: mbona miguu inauma nikirudi kuteleza kwenye barafu? Mtu aliteleza utotoni au alipokuwa chuoni, akaacha kwa miaka mingi, kisha anazitoa skeiti, vile viatu vyenye chuma chini vya kutelezea barafuni, kabatini. Dakika kumi baada ya kuingia uwanjani yuko kwenye benchi, uso kaukunja, anafungua kamba. Halafu anazifunga upya kwa nguvu zaidi, akidhani mguu unauma kwa sababu kiatu kimelegea. Kwa wengi hapo ndipo balaa huanza. Anayerudi huwa ameshabana vidole na kukakamaza unyayo kwa woga wa kuanguka. Ukimwongezea kamba iliyokaza, damu haipiti vizuri na misuli haina pa kupumulia.

Hatua ya 1. Jua panapouma hasa

Usiseme tu "miguu inauma". Vua kiatu, bonyeza kwa kidole.

Kama ni uvungu wa unyayo, na unauma kama misuli inayokaza, sababu ya kawaida ni vidole kung'ang'ania soli. Hutokea sana kiatu kikiwa kikubwa: mguu unacheza ndani, vidole vinajaribu kuuzuia. Ikiuma mbele ya kifundo, pale ulimi wa kiatu unapokunjika, kamba zinakandamiza kano zinazoinua vidole. Mfupa wa kifundo upande wa ndani ukichubuka, huenda mguu unalalia ndani, ama kwa udhaifu wa kifundo au kwa kiatu kilichochoka. Malengelenge ya kisigino maana yake kisigino kinapanda na kushuka. Ganzi kwenye vidole ni kubanwa, au baridi, au vyote viwili.

Hatua ya 2. Kagua skeiti kabla ya kuulaumu mguu

Skeiti iliyokaa miaka kabatini si ile uliyoiacha. Sifongo ya ndani hukauka na kumeguka, ngozi huwa ngumu, plastiki huweza kupasuka, chuma hushika kutu. Bana kiatu kwa mkono sehemu ya kifundo: kikikunjika kama kiatu cha mvua, hakikushikilii tena.

Kisha makali. Chuma cha skeiti kina mfereji katikati na makali mawili, la ndani na la nje. Pitisha ukucha taratibu kwenye kila kali, kwa upande. Lenye makali litakwangua unga mdogo wa ukucha. Lisipokwangua, peleka zikanolewe. Watu hulidharau jambo hili, nami nadhani ndilo la kwanza kulipia. Chuma butu hukufanya uteleze upande bila kutaka, na mguu mzima unakakamaa kujizuia. Na kali moja likiwa juu kuliko jingine, kifundo kinalala upande hata kiwe na nguvu kiasi gani.

Hatua ya 3. Pima mguu upya

Miguu hubadilika kwa umri, uzito na ujauzito. Usiamini namba ya zamani, wala usinunue kwa namba ya raba zako: skeiti za hoki kwa kawaida huwa namba moja hadi moja na nusu chini ya kiatu cha kawaida. Vaa, simama wima: vidole viguse mbele kidogo tu. Kunja magoti: kisigino kirudi nyuma na vidole viachie nafasi ndogo. Visipoachia, ni kidogo. Kisigino kikinyanyuka, ni kikubwa, na soksi ya pili haitakuokoa.

Skeiti nyingi mpya zinaweza kupashwa moto dukani zikae sawa na mguu wako. Zilizozeeka, muulize fundi kwanza. Jiko la nyumbani usilijaribu.

Hatua ya 4. Funga kamba kwa kanda tatu

Soksi moja, nyembamba, isiyo na mikunjo. Ingiza mguu, gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu kirudi nyuma kabisa. Kwenye vidole acha kamba zilegee kiasi cha kuvichezesha. Katikati, pale mguu unapokunjika, ndipo pa kukaza. Hapo ndipo kisigino hufungwa mahali pake. Juu legeza tena kidogo, goti liweze kwenda mbele. Kama mbele ya kifundo tayari pana kidonda, ruka tundu moja lililo juu yake.

Hatua ya 5. Barafuni

Siku ya kwanza dakika ishirini zinatosha, na katikati toka ukalegeze kamba. Magoti yakunjwe, uzito uwe katikati ya unyayo. Kila mzunguko mmoja jiulize: vidole vimejikunja? Vichezeshe. Pumzika siku moja kabla ya kurudi. Ukisikia misuli imechoka, sawa. Ukisikia kichomi, toka.

Hatua ya 6. Nyumbani

Simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki. Inuka kwa ncha za vidole, shuka polepole. Viringisha chupa chini ya unyayo. Yatosha.

Nenda kwa daktari ikiwa pana nukta moja ya mfupa inayouma ukiibonyeza, mguu umevimba, huwezi kuukanyagia, au ganzi haiondoki baada ya kuvua kiatu. Mwenye kisukari aonane na daktari kabla ya yote haya, maana anaweza kuchubuka bila kuhisi.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nilijifunzia uwanja wa barafu wa Panari, Nairobi, pale Mombasa Road nikiwa shule. Sasa niko Ottawa, Kanada, na nataka kuteleza Rideau Canal yote, ule mfereji wa maji unaoganda. Mguu utakubali?*

Mwanzoni, hapana. Mfereji ule ni kilomita 7.8 kwenda tu, bado kurudi. Tena barafu yake ni ya asili: ina nyufa na vijivimbe, na kila mtetemo unapanda hadi kwenye unyayo. Uwanja wa ndani husawazishwa kwa mashine, huo haukuandai kwa hilo. Anza na kipande kifupi, ugeuze kabla ya kuchoka. Na usipange safari mapema: msimu wa 2022–23 haukufunguliwa kabisa kwa sababu baridi haikutosha.

*Dada yangu, baada ya watoto wawili skeiti zangu zinanibana pembeni. Zitatanuka?*

Pole, mama. Mguu unaweza kuongezeka urefu au upana kwa ujauzito na usirudi. Fundi anaweza kusukuma nje sehemu moja, tuseme penye kidole kidogo. Kiatu kizima kikibana, uza, nunua pana.

*Nikivaa soksi nyembamba vidole vinaganda. Nifanyeje?*

Soksi nene kwenye kiatu kinachobana huzuia damu, na vidole hupoa zaidi. Fika na miguu yenye joto, vaa soksi kavu pale pale uwanjani, na ulegeze kamba za mbele.

*Huku Dubai nakodi. Kila wiki jozi tofauti, maumivu tofauti.*

Ndiyo ukodishaji, kaka. Omba jozi nyingine bila haya. Geuza kiatu utazame kama chuma kimekaa katikati ya soli, jaribu makali kwa ukucha, na uandike namba ya jozi iliyokufaa. Ukienda kila wiki, hesabu pesa za kukodi. Bei ya skeiti zilizotumika kidogo haitakuwa mbali na hizo.

*Unauma mguu wa kulia tu, kila mara baada ya robo saa.*

Mmoja ukiuma peke yake, shuku tofauti. Je, kifundo hicho kiliwahi kuteguka? Mguu huo ni mrefu kuliko mwenzake? Wengi wana mmoja mkubwa, na kiatu hupimwa kwa ule mkubwa. Halafu mpe fundi skeiti zote mbili, umwambie alinganishe makali ya skeiti ya kulia na ya kushoto kabla hajaanza kunoa, maana akishanoa hutajua kama tatizo lilikuwa hapo.