Kumtembeza mzee mwenye kitimwendo katika vivutio vya Nyanda za Juu Kusini

Mzee anayetumia kitimwendo anaweza kutembelea vivutio vya Mbeya, Songwe na Iringa na kuifurahia siku yake, mradi familia iangalie ardhi ya mahali hapo na choo chake kabla ya kuangalia umaarufu wa kivutio. Jambo la kwanza ni kumuuliza mwenyewe. Mara nyingi watoto na wajukuu hupanga kila kitu kwenye kundi la WhatsApp, wakachanga fedha na kukodi gari, kisha babu au bibi akaarifiwa jioni ya kuamkia safari. Mzee aliyeulizwa mapema hueleza anachotaka kukiona, saa anazochoka, dawa anazomeza na mtu anayeridhika kusaidiwa naye anapokwenda chooni, na majibu hayo ndiyo yanayopaswa kuongoza uchaguzi wa mahali.

Baada ya hapo piga simu kivutioni, lakini usiulize kama wanapokea watu wenye vitimwendo. Kwa ukarimu wetu utajibiwa kwamba mnakaribishwa sana, na kwamba vijana wapo watambeba mzee. Kubebwa mikononi na watu asiowafahamu, mbele ya wageni wengine, si jambo ambalo mzee yeyote anapaswa kulazimika kulikubali ili aone kivutio. Uliza maswali yenye majibu ya kupimika: kutoka gari linapoegeshwa hadi mlangoni kuna ngazi ngapi, njia ni ya saruji, changarawe au mchanga, choo ni cha kukaa au cha kuchuchumaa, na mlango wake una upana gani. Vitimwendo vingi vina upana wa sentimita 60 hadi 70, hivyo mlango wenye uwazi wa sentimita 80 unatosha. Usione haya kuuliza, kwa kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike kwa watu wote.

Kwa familia iliyoko Mbeya, ningeanza na Kimondo cha Mbozi, kilichopo mkoani Songwe, ambacho hufikiwa kwa kuiacha barabara kuu ya kwenda Tunduma. Jiwe hilo la chuma na nikeli, lenye urefu wa takriban mita 3, halihitaji kupandiwa mlima, na mzee anaweza kufika karibu nalo bila kutembezwa mwendo mrefu. Ondokeni alfajiri, kwa sababu foleni ya malori kwenye barabara hiyo inaweza kumweka mzee garini saa nyingi asizozitarajia. Ziwa Ngosi, kwa upande mwingine, lisiwemo kabisa kwenye mpango: njia yake hupita msituni, ina mwinuko mkali na huteleza mvua zinaponyesha, na simshauri mtu yeyote ambebe mzee mgongoni kuipanda. Kitulo, hifadhi ya taifa tangu mwaka 2005, ni pazuri kwa maua ambayo mengine huonekana mtu akiwa garini, ila maua hayo huchanua msimu wa mvua, wakati barabara zina tope, na uwanda wenyewe uko karibu mita 2,600 juu ya usawa wa bahari. Mwenye maradhi ya moyo au mapafu amwone daktari wake kwanza.

Iringa inatoa nafasi zaidi. Makumbusho ya Kalenga, linakohifadhiwa fuvu la Mtwa Mkwawa lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, ni madogo, na mzee aliyekulia Uheheni huenda akawa na mengi ya kuwasimulia wajukuu akiwa hapo, kwa hiyo msimharakishe. Isimila inahitaji uamuzi wa busara: nguzo za mchanga mgumu ziko bondeni na njia inashuka, lakini zana za mawe za watu wa kale zinaweza kutazamwa juu. Mtu mmoja abaki na mzee kwa hiari na si kwa kuachiwa, na wanaoshuka wasikae saa nzima.

Hifadhi ya Ruaha, ingawa iko mbali zaidi, naiona kuwa bora kuliko zote kwa mtu asiyeweza kutembea, kwa sababu kule wageni wengi hutazama wanyama wakiwa wameketi ndani ya gari. Tembo akivuka barabara, bibi na mjukuu wanamwona kwa usawa. Ugumu uko kwenye barabara za vumbi na mashimo. Mwekeni mzee kiti cha mbele au cha katikati, kamwe si juu ya magurudumu ya nyuma ambako mitikisiko ni mikali, na mwambieni dereva mapema kwamba mgongo wa mzee ndio utakaoamua mwendo wa gari. Blanketi la bluu au jeusi liachwe nyumbani, maana rangi hizo huvutia mbung'o.

Kumhamisha mzee kutoka kitimwendo kwenda garini ndipo watu wengi huumia, anayehamishwa na anayemhamisha. Gari la chini lenye mlango wa kuteleza, kama Noah, hurahisisha kazi panapofikika kwa gari la aina hiyo. Sogeza kitimwendo kwa mshazari karibu na siti, funga breki zote mbili, kunja vikanyagio vya miguu na uondoe mkono wa kiti ulio upande wa gari ikiwa unatoka. Kisha sema kabla hujagusa: "Bibi, naomba nikuinue sasa." Akijibu, "Ngoja kwanza, mjukuu wangu, nishike vizuri," ngoja kweli. Asogee hadi ukingoni mwa kiti, nyayo zake zikanyage chini imara, ainame mbele, nawe ukunje magoti yako na kumshika kiunoni, au kwenye mkanda mpana uliomfunga kwa kazi hiyo. Usimvute kwa mikono wala kumnyanyua kwa makwapa, kwani mabega ya wazee huteguka kwa urahisi. Makalio yatangulie kukaa, ndipo miguu iingizwe mmoja baada ya mwingine. Kitambaa kinachoteleza, kama cha satini, kikitandikwa juu ya siti humsaidia kugeuka, na kiondolewe kabla ya kufunga mkanda.

Njiani, panapokuwa na ngazi moja, kanyaga chuma cha nyuma cha kitimwendo huku ukivuta mishikio kuelekea kwako, ili magurudumu madogo ya mbele yapande kwanza. Kwenye mteremko geuza kiti na ushuke kinyumenyume, ukitazama nyuma yako. Kwenye mchanga au nyasi ndefu, magurudumu madogo huzama, na suluhisho ni kukiinamisha kiti kidogo kiegemee magurudumu makubwa na kukivuta badala ya kukisukuma. Fundi seremala anaweza kuwatengenezea daraja la ubao, lakini lisiwe fupi: kwa kila sentimita 1 ya kimo panahitajika sentimita 12 za urefu, hivyo ngazi ya sentimita 15 inadai ubao wa mita 1.8.

Choo kinahitaji maandalizi ya peke yake. Wazee wengi hujinyima maji tangu asubuhi kwa kuogopa usumbufu, na kufanya hivyo kunaweza kuwaletea kizunguzungu na maambukizi ya mkojo. Bebeni kiti cha plastiki kilichotobolewa katikati, ndoo yenye mfuniko, maji, sabuni na kanga mbili za kusitiri, kisha mwambieni mzee kwamba vipo. Akijua hivyo atakunywa bila wasiwasi. Anayemeza dawa ya presha inayoongeza mkojo aulize hospitalini kama anaweza kubadilisha saa ya kuimeza siku hiyo, na asiamue mwenyewe.

Anayekaa muda wote hugandamiza ngozi yake mahali pamoja, na vidonda huanza kabla mtu hajahisi maumivu. Kila baada ya nusu saa msaidieni ainame mbele au aegemee upande mmoja kwa dakika moja au mbili, na awe amekalia mto unaofaa hata ndani ya gari. Juni hadi Agosti baridi ya Mbeya na Njombe ni kali, na asiyetembea huipata haraka kuliko anayemsukuma, ambaye tayari ana joto la kazi. Mguseni mikono na miguu badala ya kujipima ninyi wenyewe.

Mhudumu au mwongoza wageni akikuuliza wewe, "Huyu atakula nini?", mgeukie mzee na umpelekee swali: "Babu, wanauliza ungependa kula nini." Wengi hurekebisha mara moja, huamkia shikamoo na kuzungumza naye moja kwa moja.

Mkirudi, kabla hajalala, kagueni ngozi ya makalio, nyonga na visigino. Wekundu au weusi usiotoweka baada ya nusu saa ya kutoikalia sehemu hiyo ni sababu ya kumpeleka kituo cha afya kesho yake. Kitimwendo nacho kioshwe vumbi, nywele na nyuzi zilizojisokota kwenye magurudumu madogo zitolewe, nati zikazwe na breki zijaribiwe mtu mzima akiwa amekikalia.