Trela ikichomoka kwa kichwa usikimbilie kurudi rivasi

Trela ikichomoka, iwe ni ndani ya yadi hapa Nakuru ama katikati ya barabara kule Mau Summit, dereva wengi kitu cha kwanza wanataka ni kurudisha kichwa, yaani lori la mbele linalovuta, nyuma haraka waibebe kabla bosi hajapigiwa simu, na hapo ndo kingpini (ile pini ya chuma chini ya pua ya trela inayoshikwa na kichwa) inapinda, paipu za upepo zinakatika na miguu ya mbele ya trela inavunjika kabisa. Acha kichwa palepale. Vuta handibreki, zima injini, kisha weka kabari ama mawe makubwa kwa tairi za trela, mbele na nyuma, pande zote mbili. Ni kweli paipu nyekundu ya upepo ikikatika breki za springi zinajifunga zenyewe, lakini trela za zamani unapata springi imechoka ama fundi alizibana na bolti akasahau kuzifungua, kwa hivyo mawe lazima.

Ukiwa barabarani laifseva, zile pembetatu za onyo, ziende mbali, si hatua tano nyuma ya gari, haswa kwa mteremko kama ule wa Sachangwan ambapo lori linalokufuata linakuja na mzigo na breki zishapata moto. Kama ni tanka ya mafuta usiguse jeki. Pigia polisi na zimamoto, na sukuma watu mbali hata wakikutukana. Tarehe 31 Januari 2009 hapo Sachangwan tanka ilianguka, watu wakaja kuchota mafuta, moto ukawaka na zaidi ya watu 100 wakafa. Tafadhali usisahau hiyo ukiona mtu anakuja na jerikani.

Sasa kuinua. Angalia pua ya trela imelalia nini, chesisi ya kichwa ama ardhi. Kama miguu iko juu ama imepinda usijaribu kuinua trela yenye mzigo kwa kuzungusha hendeli, ile miguu imetengenezwa kushikilia uzito, kuinua trela iliyoanguka nayo ni kuimaliza. Kama ni mifuko ya saruji ama mahindi, toa kwanza ile ya mbele, kazi itakuwa nyepesi sana. Jeki zikae chini ya ile mihimili miwili mirefu ya chesisi, usiweke chini ya vyuma vyembamba vya sakafu, zipande pande zote mbili pamoja, na kila ukiinua kidogo unapanga mataruma (magogo mazito ya mbao) chini kwa kupishana, unainua tena, unapanga tena. Hakuna mtu anaingia chini, hata taniboi mwembamba, hata kwa sekunde moja, jeki haina rafiki. Mzigo ukiwa mzito ita brekdauni, gari la kuvuta magari yaliyoharibika, yenye kreni ama mifuko ya upepo, na mkubaliane bei kwa simu kabla hajatoka, ukingoja afike ndo muanze kuongea bei utalia.

Trela ikishaachana na chesisi, chomoa paipu na waya, toa kichwa polepole, kisha ukague. Kingpini ni chuma cha kama mm 50 tu na ndo inabeba kila kitu, ikiwa imepinda ama ina ufa usipeleke ipashwe moto inyooshwe wala ichomelewe, ni chuma kigumu cha kutibiwa kiwandani na moto unaharibu ugumu wake. Nunua mpya. Angalia pia ile sahani ya trela isiwe imebonyea, na taya za fifthwili, ile sahani ya kichwa inayobeba trela na kushika kingpini, zinafunga vizuri.

Kuzuia ndo nataka mzingatie sana. Trela nyingi zinachomoka kwa sababu ilikuwa juu kuliko sahani ya kichwa wakati wa kuunganisha, kingpini ikapita juu ya taya badala ya kuingia ndani. Kwa hivyo kabla hujaingia chini yake simama, shuka, angalia urefu: trela inafaa iwe chini kidogo ili kichwa kiinyanyue kikiingia. Grisi ya zamani iliyochanganyika na mchanga pia inazuia taya kufunga, isafishe upake mpya.

Ukishasikia ile "klak" funga breki za trela uvute mbele taratibu, mara mbili. Na hiyo bado haitoshi! Kingpini inaweza kukaa vibaya na bado trela ikavutika vizuri, halafu ikuachilie kwa bampu ya kwanza. Shuka na tochi, inama, angalia kwa macho yako taya zimezunguka kingpini, hakuna nafasi kati ya sahani ya juu na ya chini, mkono wa kufungulia taya umeingia wote na pini ya usalama iko. Usiulize taniboi kama imeshika, angalia mwenyewe. Miguu inapandishwa baada ya hapo, si kabla.

Ukilala Salgaa ama Malaba, asubuhi kagua ule mkono tena, kuna watu wanauvuta usiku.

Na ukiacha trela mahali, teremsha miguu kwanza ndo uvute mkono, na weka mbao pana chini yake. Kule Ahero na Kano udongo ni mweusi, mvua ikinyesha mguu unazama, na lami ya Kisumu saa nane mchana inalainika pia, ukirudi unapata trela imeinama na urefu wote umebadilika.