Wenzako wa Chama Wakianza Kununa

Nilishika uweka hazina wa chama chetu cha wasichana wa chuo hapa Lamu miaka miwili. Mvutano uliokaribia kutuvunja ulianza na leso za sare.

Tulikuwa 23. Kikao kilikaliwa baada ya magharibi, nyumbani kwa mwenzetu mtaa wa Mkomani. Wa Mokowe, ng'ambo ya bara, walikuwa wameshavuka na boti zao. Wa Shela walishashika njia ya ufuoni kabla maji hayajajaa. Asubuhi wakakuta ujumbe kwenye WhatsApp: kila mtu atume shilingi 800 za leso. Hakuna aliyegomba. Walisoma, wakanyamaza. Wadogo zangu, kimya kama hicho kiogopeni. Ujue kuna kundi jingine limeshafunguliwa, na wewe hukutiwa.

Usijitetee kwenye kundi. Mimi nilijitetea saa 5 usiku, na kufikia asubuhi maneno yangu yalikuwa yamepigwa picha na kusambazwa. Mwendee aliyenuna, peke yako, umwache amalize. Nilipanda boti na mmoja wao hadi Mokowe. Nilidhani ni pesa. Akaniambia, “Si hizo mia nane, dada. Ni kwamba hamjaniuliza hata siku moja.”

Tukahamisha vikao viwe saa 7 mchana, baada ya adhuhuri, kila mtu awe bado mjini. Jambo hilo moja lilipunguza nusu ya manung'uniko.

Kisha fungua daftari. Soma kwa sauti kila mchango na kila matumizi, hata nauli ya boti. Laini ya M-Pesa ikae kwa mmoja, daftari kwa mwingine, na wawili hao wasiwe mashoga wa kushibana.

Uchaguzi nao una hatari yake hapa kwetu, kwa kuwa mitaa ya Mkomani na Langoni ni ushindani wa tangu zamani. Mwenyekiti akitoka upande mmoja, katibu atoke wa pili. Liandikeni kwenye katiba kabla majina hayajatajwa. Kura zipigwe kwa karatasi. Ukinyoosha mkono, shoga yako anakuona.

Anayetaka kutoka, msimbembeleze mbele za watu wala msimseme. Mrudishieni akiba yake wiki hiyohiyo. Mwenzetu mmoja tulimcheleweshea miezi miwili, na hadi leo tukikutana uwanja wa Mkunguni huinamisha uso. Hilo bado linaniuma.