Ijue saa yako ya kuanguka
Wapendwa, tukisikia “kesheni, mwombe” (Mathayo 26:41), wengi tunawaza mkesha wa Ijumaa kanisani. Ni vyema, ila jaribu huwa halingoji ratiba ya ibada. Daudi katika 2 Samweli 11 alikuwa amebaki Yerusalemu wenzake wakiwa vitani. Jioni akatoka kitandani, akawa anatembeatembea juu ya paa la jumba lake, hana kazi; hapo ndipo akamwona Bathsheba, mke wa Uria, akaanguka dhambini.

Basi jichunguze: wewe huyumba saa ngapi, ukiwa wapi, na nani? Kama ni saa tano usiku na simu mkononi, ichaji sebuleni, uamshwe na saa ya mezani. Kama ni siku ya mshahara, mtumie mkeo hela kabla hujaifikia ile baa. Kisha umwombe mpendwa mmoja akuulize kila Jumapili, bila kuzunguka mbuyu.