SOMO: Unataka kuingia jeshini upande wa ramani na GIS (ramani na data za mahali kwenye kompyuta)? Pitia hapa kabla hujatia saini

Wakuu salaam. Hili swali naulizwa sana, "mkuu mi napenda ramani, nasikia jeshini kuna kitengo chake, naingiaje?" na nimechoka kumjibu mmoja mmoja kwahiyo leo namwaga yote, maswali mtaleta chini. Mi nimekaa kwenye hiyo kazi miaka 11, nilianza na karatasi ya kalki na penseli za rangi nikamalizia kwenye kompyuta yenye skrini mbili. Majeshi hayafanani, utaratibu wa kwenu uulize kwenu, ila kazi yenyewe ni ileile popote.

HATUA YA 1: Futa kichwani picha ya mtu amekaa anachora

Wengi wanadhani utakaa ofisini unapaka mito bluu na misitu kijani. Hapana. Kazi yako ni kujibu swali la mtu mwenye haraka, na swali lenyewe halina neno ramani ndani yake.

Ntawapa mfano mmoja. Saa nane usiku meja kaingia, hata salamu hakuna, kaweka kidole kwenye bonde fulani: "Malori 40 yamebeba mzigo, yapite hapa kabla ya jua kuchomoza, ndiyo au hapana?" Basi. Nikaanza na mwinuko. Ramani ilikuwa ya 1:50,000 (milimita 1 ni mita 50 ardhini), kontua, yaani mistari inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, kila mita 20, na pale pa kupandia mistari imeachana milimita 4 hivi, maana yake ardhini ni mita 200 na unapanda mita 20, asilimia 10, hapo lori linapanda linaimba. Kumbuka kwa kawaida mwinuko unaanza kuhesabiwa mgumu ukifika asilimia 30, ukizidi 45 ndo unachorwa haupitiki. Kwahiyo mwinuko haukuwa tatizo. Tatizo lilikuwa chini bondeni, udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua imepiga siku tatu, alafu picha ya setilaiti niliyokuwa nayo ni ya kiangazi, inaonesha njia nyeupe safi kama mkeka. Nikamwambia meja malori kumi ya mwanzo yatapita, yakishalisaga lile tope mengine yatazama. Akaniuliza una uhakika? Nikamwambia udongo nina uhakika nao, mvua ya usiku huu sina. Akazungusha msafara njia ya juu, saa mbili zaidi.

Hiyo ndo kazi. Kama umesoma hapo ukasisimka, endelea. Kama umeona karaha, kuna vitengo vingine vingi tu.

HATUA YA 2: Jua unataka fani ipi, maana ziko kadhaa na watu wanazichanganya

Kuna wapimaji, hawa wako juani na vifaa vyao, wanaweka alama za vipimo, wanapima viwanja vya ndege, wanawapa watu wa mizinga mahali halisi mzinga uliposimama. Kuna wazalishaji, wanaotengeneza na kuchapa ramani zenyewe. Kuna wachambuzi wa ardhi, mi nilikuwa huku, unaangalia wapi panapitika, wapi panaonekana na wapi pamejificha, wapi helikopta itatua. Kuna wasomaji wa picha za anga na droni, hao hawaangalii ardhi sana wanaangalia kilichobadilika juu yake, jana palikuwa na mahema 6 leo 9, kwa nini. Na upande wa jeshi la majini kuna haidrografia, ramani za chini ya maji, fani inayosahaulika mpaka meli ipande mwamba. Mwaka 2013 meli ya kijeshi ya Marekani, USS Guardian, ilikwama kwenye miamba ya Tubbataha kule Ufilipino, chati ya kidijitali ilikuwa imeuweka mwamba mbali na ulipo kwa maili 8 hivi za baharini. Meli iliishia kukatwa vipande. Na uchunguzi haukuishia kwa wachora chati tu, waliokuwa melini nao walilaumiwa kwa kutolinganisha na chati nyingine.

Sasa kitu ambacho watu hawaulizi: fani hizi zinakaa chini ya paa tofauti. Marekani mchambuzi wa ardhi, wanamwita 12Y, yuko chini ya wahandisi wa jeshi na anasomea Fort Leonard Wood, ila msomaji wa picha, 35G, yuko chini ya intelijensia na anasomea Fort Huachuca. Uingereza kikosi chao cha ramani, 42 Engineer Regiment, ni cha wahandisi. Paa unaloingia ndo litaamua wakubwa wako ni nani, kozi zako na hata vyeo vitakavyokufikia. Uliza mapema: kwenu ramani ziko chini ya nani?

HATUA YA 3: Jipime nyumbani, bure

Tafuta ramani moja ya karatasi ya eneo usilolijua. Kaa nayo nusu saa, kisha ifunike na ueleze kwa mdomo ukisimama kwenye kilima fulani unaona nini kaskazini, nini kimejificha nyuma ya mgongo wa mlima, maji yanatiririkia wapi. Alafu ifunue ujisahihishe. Fanya wiki mbili. Ukiona kontua zinaanza kusimama zenyewe machoni kama milima, una kipaji. Zikibaki nyuzi za kahawia tu usikate tamaa, wengine inawachukua miezi, ila kama wiki mbili zimekuchosha basi kazi itakuchosha zaidi.

Na macho kapime. Nitalirudia kwenye maswali.

HATUA YA 4: Anza kujifunza kabla hujavaa gwanda

Hapa zamani mtu alikuwa hana pa kuanzia, siku hizi huna kisingizio. Programu ya QGIS, ya kutengenezea na kuchambua ramani, ni ya bure. Picha za setilaiti za Landsat zipo toka 1972, ni za bure, na za setilaiti za Sentinel-2 zenye pikseli (nukta moja ya picha) ya mita 10 ni za bure. Data za mwinuko za SRTM, ile safari ya chombo cha anga cha Februari 2000 iliyopima asilimia 80 ya nchi kavu ya dunia kwa siku 11 tu, ni za bure pia, na nyuma yake walikuwepo watu wa ramani wa jeshi la Marekani pamoja na NASA. Shusha, chagua kilima unachoweza kufika kwa miguu, iambie programu ikokotoe vinavyoonekana kutoka kileleni, chapa, alafu PANDA huko ukalinganishe. Utakuta programu inakwambia barabara inaonekana wakati miti imeifunika. Hilo somo moja lina thamani kuliko cheti cha wiki sita.

Jifunze gridi za UTM, yaani miraba ya kutajia mahali kwa namba, dunia imegawanywa kanda 60 kila moja nyuzi 6, na mfumo wa kijeshi wa kutaja mahali wa MGRS uliojengwa juu yake. Na nakuomba sana, jifunze datamu. Datamu ni lile umbo la dunia ambalo ramani yako imeliamini wakati inachorwa. GPS inatumia datamu ya WGS84, ramani nyingi za zamani zinatumia nyingine, na namba zilezile kwenye datamu mbili zinaangukia sehemu mbili. Mwaka wangu wa pili nilichukua kisima kwenye karatasi ya zamani nikakiingiza kwenye GPS ya doria bila kubadilisha. Kilihama kama mita 200. Mchana kweupe mita 200 si kitu, usiku porini mita 200 ni ng'ambo ya korongo.

Hesabu: trigonometria ya kawaida, asilimia, uwiano. Ukiongeza Python (lugha ya kuandikia programu) kidogo utapendwa sana, maana kuna kazi za kurudiarudia mtu anazifanya kwa mkono siku nzima.

HATUA YA 5: Uchunguzi wa usalama

Utashika vitu vya siri, kwahiyo watakuchimba. Madeni, kesi, safari za nje, marafiki, ulichoandika mtandaoni. Jibu kweli. Nimeona kijana mwenye akili kunizidi kaondolewa, na si kwa sababu ya deni, aliulizwa kama ana deni akasema hana.

HATUA YA 6: Karatasi

Hapa ndo naomba mtulie. Anayekuandikisha ana idadi ya kutimiza, si mtu mbaya ila ana idadi. Atakwambia "ingia tu, fani utachagua huko mbele." Huko mbele hakuna kuchagua, kuna kupangiwa. Kama jeshi la kwenu linaandika fani kwenye mkataba, hakikisha yako imeandikwa kwa jina na namba yake, pamoja na jina la kozi, alafu usome ukishindwa kozi unapelekwa wapi, na baada ya kozi unadaiwa miaka mingapi. Kama halina utaratibu huo basi peleka vyeti vyako, kazi zako za ramani ulizochapa, na uliza wanaotoka kozi ya ukuruta wanagawanywa kwa vigezo gani. Halafu jiulize kwa ukweli: wakinipeleka jikoni au kwenye mizinga, bado naitaka hii kazi? Kama jibu ni hapana, kuna njia ya kiraia, idara za upimaji na taasisi za ramani huajiri raia, na wengine wanafanya kazi meza moja na wanajeshi.

HATUA YA 7: Kwanza wewe ni askari

Utakimbia, utalala nje, utalinda geti, utasafisha silaha. Ramani itakuja baadaye. Sina la kuongeza hapo.

MASWALI

Swali: Mkuu mi rangi nyekundu na kijani zinanichanganya kidogo, ntapita?

Jibu: Kwa Marekani 12Y wanataka uone rangi kawaida, na sehemu nyingi ni hivyohivyo. Si roho mbaya, kontua ni kahawia, msitu kijani, barabara nyekundu, na usiku unasoma vyote kwa tochi hafifu. Kapime kwa daktari wa macho kabla ya kutuma maombi ili ujue mapema. Upimaji wakati mwingine masharti yake ni mepesi zaidi, uliza.

Swali: Nina digrii ya jiomatiki (upimaji na ramani). Niombe uofisa au niingie askari wa kawaida?

Jibu: Inategemea unapenda nini kaka. Ofisa wa ramani anapanga kazi, anaomba bajeti, anakaa vikao, anamweleza kamanda. Anayegusa programu kila siku ni koplo na sajenti. Nimewaona maluteni wazuri sana wa GIS ambao baada ya miaka mitatu walikuwa wanafungua PowerPoint tu. Mshahara wa ofisa ni mkubwa, sitakudanganya, lakini kama raha yako ni kukaa na data, fikiria mara mbili.

Swali: Dada zenu je, au ni mambo ya wanaume?

Jibu: Dada yangu, kwenye Vita Kuu ya Pili mtu aliyeliona kombora la V-1 la Wajerumani kwenye picha za Peenemünde, kituo chao cha majaribio, mwaka 1943 alikuwa Constance Babington Smith, ofisa wa kike wa jeshi la anga la Uingereza. Kitu kilikuwa kidogo kuliko punje kwenye picha. Walitumia stereoskopu, picha mbili za sehemu moja zilizopishana, kila jicho na yake, kitu kinainuka. Aliyenifundisha mimi kusoma picha alikuwa mwanamke na alikuwa mkali balaa.

Swali: Si hii akili bandia itachukua kazi yote? Inachora majengo yenyewe sasa.

Jibu: Inachora, na inachora haraka kuliko mi na wewe, iache ichore. Ila tarehe 7 Mei 1999 ndege ya Marekani iliupiga ubalozi wa China pale Belgrade, waandishi wa habari 3 wa Kichina wakafa. Maelezo ya Marekani ni kwamba walilenga ofisi ya ununuzi wa zana za kijeshi, na ramani na orodha walizotumia hazikuonesha kwamba ubalozi umehamia hapo. China hawakuyakubali maelezo hayo. Sasa pale jengo lilikuwepo kweli, na mashine yoyote ingelichora vizuri tu. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza "humu ndani yuko nani, na hii taarifa ni ya lini?" Kazi hiyo bado iko wazi.

Swali: Ukitoka jeshini unaajirika? Nasikia kazi zote ni siri huna cha kuonesha.

Jibu: Hili ni swali zuri kuliko yote na hata mi liliniuma. Miaka 11 ya kazi na sina ramani hata moja ya kumuonesha mwajiri. Kwahiyo anza leo, kila baada ya miezi kadhaa tengeneza kitu chako kwa data za wazi, mafuriko, barabara, ukataji wa misitu, kihifadhi nje ya kompyuta za jeshi. Na vyeti vya kozi omba kwa maandishi vikieleza ulichosoma kwa lugha ya kiraia, maana mwajiri hajui namba za kozi zenu. Kazi zipo, maji, umeme, ardhi, maafa, bima.

Swali: Ile doria ya kisima iliishaje? Umetuacha hewani.

Jibu: Walifika. Walikaa upande mbaya wa korongo kuanzia saa saba usiku mpaka kukapambazuka, maji wanayasikia hawayaoni. Sajenti wao aliporudi alikuja moja kwa moja ofisini, akaikunjua ile ramani juu ya meza yangu, kuna tundu dogo pale kwenye kisima, alikuwa amepachoma na ncha ya kalamu. Hakusema neno. Akachukua chai yangu akainywa yote, akaondoka.